Chakula Kilichokuwa Ndani ya Tiketi

Mjukuu wangu ana kichezeo cha vibati vinne vinavyogongwa kwa kijiti. Akikigonga, ting, tong, ting, mwili wangu unajibu kabla ya akili: nashikwa na wivu. Ndiyo, wivu, katika umri huu, kwa ajili ya kengele ya treni ambayo utotoni sikuwahi hata kuisikia yenyewe. Niliisikia tu jikoni kwetu Isiolo, mdogo wangu Nkirote alipoiiga kwa kijiko na kifuniko cha sufuria.

Ilikuwa miaka ya sitini, miaka ya vita vya Shifta, serikali ikipigana na waasi kaskazini mwa Kenya. Tulikaa katika mtaa ambao leo unaitwa Wabera. Baba aliendesha lori la serikali, akipeleka unga Garba Tulla na Sericho, na siku hizo hakuna lori lililotoka peke yake. Yalikwenda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma. Baba akiwa safarini, Mama alikuwa hakai chini. Jua likianza kushuka tulifunga mlango na kuzungumza kwa sauti ndogo. Mama Dida, mwanamke wa Kiborana aliyetuletea kibuyu cha maziwa yanayonukia moshi, aliacha kuja. Watu wake walikuwa wamehamishiwa na serikali kambini. Tukazoea chai ya strungi, isiyo na maziwa, na ugali kwa maharagwe, kesho maharagwe kwa ugali.

Nkirote ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Gari likilipua ekzosi barabarani, yeye alikuwa uvunguni. Akaanza kukojoa kitandani, kitanda ambacho tulilala wote, kwa hiyo niliamka nimelowa kwa vita ambavyo mimi sikuviogopa. Basi Shangazi, dada yake Baba, ambaye mume wake alifanya kazi bandarini Mombasa, akaja kumchukua. Wangepanda basi mpaka Nairobi, halafu treni ya usiku.

"Na mimi?" nikamuuliza Mama.

"Wewe Karimi uko na roho ngumu," alisema, bila kunitazama. "Wewe utanisaidia hapa."

Nililipokea neno hilo kama tusi. Mimi niliyeteka maji, niliyembeba kitinda mimba mgongoni, nisiyelia, nilibaki. Aliyelia alipelekwa kuona bahari. Niliona kama amepewa zawadi kwa woga wake, na kwa muda nikajaribu na mimi kuogopa, lakini sikuweza kufanya vizuri.

Nkirote alirudi kututembelea hali ilipotulia kidogo. Alikuwa amenenepa, anasema "hujambo" kwa madaha, na alikuwa na hadithi moja tu iliyotushinda wote: chakula cha treni. Mwanamume mwenye koti jeupe hupita kwenye ujia akigonga kengele ya vibati kwa kijiti. Mnakwenda kwenye behewa la kulia chakula, meza ina kitambaa kilichopigwa wanga hadi kinasimama. Kwanza supu. Supu ikiondolewa, samaki. Samaki akiondolewa, nyama na viazi na njegere. Halafu kitu kitamu cha maziwa na mayai kinachotetemeka. Mkirudi, mnakuta vitanda vimetandikwa. Asubuhi, mayai.

"Pesa ngapi?" niliuliza.

"Hulipi. Chakula kimo ndani ya tiketi."

Nilimwomba anionyeshe hiyo tiketi. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nikienda Sericho," alisema, "chakula kiko ndani ya gunia, na gunia si langu."

Nilimchukia Nkirote wiki nzima, na kila siku nilimtaka aisimulie tena. Nilimtega ili akosee, lakini hakukosea hata sahani moja. Kila alipoanza, Mama alikumbuka kuni na kutoka nje. Nilidhani amechoka na majivuno ya mtoto wake.

Jambo moja lilinishangaza. Nkirote naye aliuliza maswali, ya kipuuzi kwangu. Siku hizi nani anakula ukoko wa ugali? Nani analala upande wa ukutani? Mama akisuka nywele, anaanza na nani? Nilimjibu ukweli: mimi, mimi, mimi. Akageuka akalia, nami nikajiambia kwamba sasa anataka hata vyangu.

Vita viliisha, lakini yeye alikuwa ameshaanza shule kule. Alikulia Mombasa, akaolewa Mombasa. Mimi nikawa mwalimu, na likizo moja nikakata tiketi ya daraja la pili kwenda kumwona. Kengele ilipita kwenye ujia. Nilikula kila kitu. Nilipofika kwake nilianza kabla sijaketi vizuri.

"Sasa na mimi nimekula. Supu, samaki, nyama, na kile kitamu. Hukudanganya."

Alikuwa anakuna nazi. Akaacha.

"Samaki alikuwaje?"

"Si wewe ulimla?"

"Sikula kitu siku ile, Karimi."

Nyumbani alikuwa ameambiwa anakwenda kuona bahari na kurudi. Supu ilipowekwa mezani, alimuuliza Shangazi watarudi lini. Shangazi, huku akimtandazia kitambaa mapajani, akamwambia kwa upole kwamba atakaa Mombasa mpaka vita viishe, na hakuna anayejua vitaisha lini. Watu walikuwa wanakula kimya kila upande. Aliona haya kulia mbele yao. Akakaza macho kwenye sahani, na kila iliyoletwa aliitazama hadi ilipoondolewa imejaa.

"Ndiyo maana nilizijua zote," alisema. "Sikuwa na mahali pengine pa kutazama."

"Mbona ulituambia umekula?"

"Nilirudi nikakuta Mama ni wako peke yako. Nilitaka na mimi niwe na kitu."

Nilimfikiria Mama pale kwenye kuni. Alikuwa na watoto aliotaka kuwaokoa, na nafasi ya mmoja. Mmoja akamwacha aende akidhani atarudi, mwingine akambakiza karibu na bunduki na kumwambia ana roho ngumu. Halafu akatusikiliza tukioneana wivu, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyependwa.

"Niambie samaki," Nkirote alisema tena.

Basi nikamweleza: laini, hana mwiba, mchuzi mweupe juu yake, chumvi haitoshi. Alisikiliza mpaka mwisho, mbuzi ya nazi ikiwa bado chini yake, kisha akaniuliza walileta nini baada ya hapo.