Mraba: fundi aliyewafungia wengi tairi la gari sasa afunga la safari yake

Saa mbili asubuhi, tairi la gari limelazwa juani kwenye sakafu ya saruji, na mwanamume wa miaka hamsini na tisa ameliinamia, akiligusagusa kwa kiganja jinsi mama anavyopima joto la mtoto. Anatikisa kichwa. Bado gumu. Anavuta kigoda na kukaa kulisubiri.

"Hili haliendi kwa nguvu," anasema. "Liache liote jua, lilainike, halafu unalibembeleza. Ukilazimisha litakung'oa kucha."

Kando yake imesimama pikipiki kubwa ya safari za mbali, ya zamani, yenye masanduku mawili ubavuni na kiti kipana cha abiria. Haina gurudumu la nyuma. Rimu ya gurudumu hilo iko tupu miguuni pake, na tairi linaloota jua ndilo anataka kuivalisha.

Wenye pikipiki wanamwita Mraba. Tairi la pikipiki lina mgongo wa duara, la gari lina mgongo bapa, na yeye ndiye fundi pekee wanayemjua anayekubali kuweka bapa mahali pa duara. Jina lake la kuzaliwa hata mama anayeuza spea ukuta wa pili halijui.

Mafundi wengi huikataa kazi hii, na hawana makosa. Watengenezaji wa pikipiki wanaonya, na Mraba mwenyewe hafichi kitu. Humwambia kila mteja kwamba pikipiki yenye tairi bapa haipendi kulala kwenye kona, na asiyeizoea itampeleka mtaroni. Akishafunga, haachi mtu aondoke mpaka wazunguke wote wawili mitaa ya jirani, mteja mbele na yeye nyuma akiwa amemshika mabega.

"Pengine wiki nzima hayo mabega ndiyo binadamu pekee niliyemgusa," anasema, kisha anacheka kama aliyesema utani.

Wanaomfuata ni wasafiri wa mbali. Tairi la gari linachelewa sana kuisha, linabeba mzigo, na bei yake ni nafuu kuliko la pikipiki kubwa. Kazi moja humlipa kama pancha ishirini, ila kuna miezi hapati hata moja, na pancha za baiskeli ndizo zinazomlisha. Kinachomuuma zaidi ni kitu kingine.

"Fundi mwenzangu akifunga ovyo, kesho mteja karudi, wanagombana, wanakunywa chai, yameisha. Mimi nikifunga vizuri ndiyo kwaheri ya kuonana. Lile tairi haliishi. Miaka inapita, namuuliza mtu habari za fulani, naambiwa ah, yule alishauza pikipiki zamani."

Jua limepanda. Mraba analigusa tena tairi, anaridhika, analipaka ukingo wake maji ya sabuni na kuliegemeza juu ya rimu. Anaburuta gunia la mchanga kutoka kona ya karakana na kulikalisha upande mmoja wa tairi, ili ukingo usichomoke wakati anaingiza upande mwingine kwa mitaimbo midogo. Mkono wa kushoto unakandamiza, wa kulia unainua, na jasho linamtiririka hadi kidevuni.

Gunia hilo lina historia. Zamani, hapo linapokaa gunia alikaa mke wake.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema. "Mimi nilikuwa nainua, yeye analikalia tairi, anasuka nywele zake au anamenya vitunguu, huku ananisimulia nani kamkosea nani mtaani. Sasa nimeweka mchanga. Uzito ni uleule, nilipima. Lakini mchanga hausemi, bwana."

Mkewe hakufa, wala hawakuachana. Miaka minne iliyopita binti yao wa pekee, anayefanya kazi ya zamu katika mji ulio mwendo wa siku mbili kutoka hapa, alijifungua. Mama mtu akaenda kwa miezi mitatu kumwogesha mtoto. Mtoto akaugua, akapona. Akaanza kutambaa. Mama yake akarudi kazini usiku, baba yake ni dereva wa masafa marefu, na bibi ndiye anayeshika nyumba. Leo mjukuu anakwenda chekechea. Hakuna aliyewahi kusema kwamba bibi harudi. Siku zimejiongeza zenyewe.

Chumba chao kiko nyuma ya karakana, na mwandishi wa makala haya alikaribishwa ndani. Kitanda cha futi tano kimetandikwa, na upande wa ukutani shuka halina hata kunyanzi. Mraba hulala ukingoni, upande wake uleule. Sufuria ni lile kubwa la enzi za watu watatu. Anasema mkono wake haujui kupika kidogo, basi akipika leo anakula leo, kesho na keshokutwa, mpaka kile chakula nacho kinamchoka.

Simu inalia akiwa bado na povu la sabuni mikononi. Anaibonyeza kwa kiwiko, sauti inatoka wazi. Ni mke wake. Humpigia kila asubuhi akishampeleka mtoto shule.

"Babu, umeamkaje?"

"Salama tu. Huko?"

"Kuzuri. Mjukuu wako kagoma kuvaa viatu. Unafanya nini, mbona unahema?"

"Nafunga tairi la gari."

"La nani tena hilo?"

Mraba anaitazama pikipiki yake, kisha anamtazama mwandishi.

"La mteja," anasema.

Wanaongea kidogo kuhusu mvua na mgongo wa Mraba. Wanaagana. Anajifuta povu kwenye suruali.

"Namdanganya mtu mzima," anasema. "Tangu alipoondoka kila siku tunaongea, na hakuna siku tumeongea. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Pikipiki hiyo aliinunua mwaka jana kwa mteja aliyeshindwa kuipanda kwa maumivu ya kiuno. Ameitengeneza polepole, kila alipobakiza kitu. Mtaa mzima unajua ni ya kumfuata mkewe, isipokuwa mkewe.

"Kiti hicho kipana cha nyuma unadhani ni cha nani?" anasema mama wa spea, ambaye amekuja kuegemea mlango na kikombe chake. "Tumemwambia siku nyingi, nenda kamchukue mke wako, mwanamume gani unakula na redio? Yeye oh kazi, oh wateja. Wateja gani? Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mraba anamwomba yeye na mwandishi wasogee, anaunganisha mpira mrefu wa upepo na kujificha nyuma ya ukuta kabla ya kufungulia mashine. Ukingo wa tairi la gari huingia kwenye rimu ya pikipiki kwa shida, na unahitaji upepo mwingi kuliko kawaida. Hapo ndipo tairi linaweza kupasuka na kumuumiza mtu. Upepo unaingia, tairi linavimba na kulia. Kisha pa! Upande mmoja umekaa. Baada ya kitambo, pa! wa pili. Anapunguza upepo na kupitisha kidole kuzunguka ukingo wote.

Inapofika saa sita gurudumu limerudi mahali pake. Kati ya tairi na chuma kinachoshika gurudumu inabaki nafasi ya kupita kidole, naye anakipitisha pande zote. Tairi la kwanza alilowahi kulifunga lilikuwa pana mno, lilisugua chuma hicho mpaka moshi ukatoka, na mteja akarudi kwa miguu akisukuma. Anasimulia bila aibu.

Mwandishi anaombwa apande nyuma, maana safari ya majaribio inataka uzito. Kwenye kona ya kwanza pikipiki inakataa kulala, Mraba anausukuma usukani kwa upole, nayo inakubali. Mitaa mitatu baadaye wanarudi. Anasema iko sawa.

Ndipo anaanza kufungasha, na hapo jambo halikai sawa. Sanduku la kwanza linameza mitaimbo yote, midogo na mikubwa. La pili linajazwa viraka, gundi, mpira wa upepo, hata mkebe wa sabuni. Nguo zake ni furushi moja dogo juu ya kiti cha abiria, limefungwa kwa kamba ngumu. Mtu anayekwenda kumchukua mkewe hafungi kitu mahali atakapokaa mkewe.

"Mzee, huendi kumleta?" mwandishi anauliza.

Anafuta mikono kidole kwa kidole.

"Nimlete wapi, binti? Kwenye sufuria? Kule ana mtu anayemgomea kuvaa viatu. Mke wangu hakupotea, yuko mahali pake. Aliyepotea ni mimi. Nakwenda kuuliza kama kuna nafasi yangu."

Mama wa spea anashusha kikombe.

Kilichomzuia miaka yote ni kuona haya. Kukaa kwa mkwe! Aliwahi kwenda kwa basi akalala siku tatu sebuleni. "Mkwe wangu ni kijana mzuri, ila adabu imemzidi. Nikiingia anasimama. Nikitoka anasimama. Siku tatu mtoto wa watu hakukaa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikasema sirudi tena."

Anakusudia kuondoka kesho asubuhi. Akikosa nafasi atapanga chumba mtaa wa jirani na kutandaza mitaimbo yake kando ya barabara. Kwa nini basi amemdanganya mkewe? Anasema aliogopa kusikia kimya. Kisha, pengine kwa sababu kuna watu wawili wanamtazama, anaichukua simu.

"Yule mteja wako karidhika?" mkewe anauliza.

"Hakuna mteja. Tairi ni langu. Kesho naanza safari, nakuja huko."

"Kututembelea?"

"Kukaa. Kama mtanipokea. Huku nimechoka peke yangu, mama."

Simu inanyamaza. Mraba anafumba macho.

"Chumba kipo," mkewe anasema, na sauti yake imebadilika. "Kile cha uani. Nimekiwekea godoro tangu mwaka juzi. Nilikuwa naona haya kukuambia uache kazi yako."

Mraba anajifuta macho kwa kitambaa cha grisi.

"Kina mlango wake wa nje?" anauliza.

"Kinao."

"Basi nakuja."