Bomba Lililohama Mlangoni Kwangu

Admin, ficha jina langu, ingawa kijijini kwetu Murungu wote watanijua kwa majigambo. Kisa hiki kila mtu anakisimulia vibaya. Eti wanawake walinifukuza mkutanoni. Waongo! Nani wa kunifukuza mimi? Nina miaka sabini, shule sikuiona hata mlango, haya ananiandikia mwalimu mmoja kwenye simu yake.

Mwaka juzi walikuja wataalamu wa maji. Wakasema bomba ni letu, tuseme wenyewe likae wapi. Kwetu mwanaume akisimama, nyumba yake yote imesema. Basi jioni nikawa nafanyia mazoezi hotuba jikoni, mke wangu anasonga ugali. "Bomba likae mlangoni kwangu, huku juu, wageni walione!" Akacheka, "Mzee wangu, umesema vema." Mkutanoni nikanguruma. Kijiji kizima kilipiga makofi mpaka mbuzi wakakata kamba.

Kumbe baadaye wale wataalamu wakawaita wanawake peke yao. Wakawaambia wachore kijiji chini kwa majivu, kila mmoja aweke harage pale anapotaka maji. Aliyeanza kuweka ni mke wangu! Akaliweka bondeni, wanakoloweka mihogo. Wenzake wote wakamfuata. Bomba likaenda bondeni. Mimi nimeshafyeka mbele ya nyumba, nimeweka na benchi la wageni. Sasa vijana wakipita: "Shikamoo mzee wa bomba! Maji yanatoka?"

Nikamuuliza, "Mama watoto, tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, kwa nini hukuniambia?"

Akajibu huku anamenya mihogo, "Mihogo nabeba mimi, ndoo nabeba mimi. Uliniuliza lini?"

Jamani, bora angenipiga mchi. Tangu siku hiyo maji ya bomba lile siyanywi. Nachota mwenyewe mtoni na magoti haya mabovu, nampita palepale bombani, hatusemeshani. Yeye kila jioni ananiwekea kikombe cha maji yale, mimi nawamwagia kuku. Kuku wamenenepa, mimi nimekonda.

Wanangu, nishaurini. Nikinywa, kijiji kitasema mzee kashindwa. Nisiponywa, naona mwaka huu ameanza kuchoka kuniwekea kile kikombe. Nifanyeje?

Haya, mwalimu amegoma kutuma mpaka niseme ukweli: pale kwenye makofi nilitia chumvi. Kijiji hakikupiga. Alipiga mtu mmoja tu, kule nyuma walikokaa wanawake. Mke wangu.