Siku Walipotaka Kututenga Sokoni

Mimi nalima karoti na kabichi kwenye matuta ya mama yangu mdogo, juu milimani Uluguru. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu sauti yangu hukauka. Karoti hazijawahi kunilaumu kwa hilo.

Tunauzia soko la chini, njia ya kuingia mjini. Madalali wa pale walizoea lumbesa, yaani gunia likishajaa linaongezewa kichwa juu, linafungwa kwa kamba mpaka linafanana na mtu aliyevaa kilemba. Bei ni ya gunia. Kichwa ni chao, bure. Mkulima mmoja akikataa, wananunua kwa jirani yake.

Mwaka jana mama mmoja wa Kihindi, ambaye kwao wana duka Mwembesongo na yeye, kama Wahindi wenzake wachache, analima bamia na bilinganya chini ya mlima, alimwambia mama mdogo, "Mtani, tukikataa wote siku moja, watanunua kwa nani?"

Wawili hao ni watani tangu msiba wa bibi. Siku ile yule mama aliuficha mwiko, akasema hakuna kula mpaka wafiwa wamlipe. Watu walicheka huku wanalia.

Basi tukakataa wote. Magunia yakashonwa sawa na mdomo. Tukanogewa, tukasema hawa wawili tuwachague waingie kamati ya soko.

Hapo ndipo mwenyekiti wa soko, ambaye naye ni dalali, alipoitisha mkutano. Alikuja na sheria mpya: Wahindi wauzie upande wa ukutani, watu wa milimani upande wa barabarani, kila upande na mkutano wake.

"Ni utaratibu tu," alisema. "Nyie wa milimani mnanyang'anywa wateja na watu wenye maduka. Tunawalinda."

Jirani yangu akaguna. "Kweli bwana. Yeye ana duka, mimi nina nini?" Wengine wakaitikia. Nikaiona hila ya mwenyekiti. Tukitengana, lumbesa inarudi.

Nilikuwa nimesikia redioni habari moja ya Marekani. Nikamvuta mama mdogo kanga, nikamnong'oneza. Sasa, yeye hajui kunong'ona.

"Anasema hivi!" akapaza sauti. "Marekani zamani kulikuwa na wakulima weusi na wakulima weupe, wote maskini, wote wananyonywa na mabwana walewale!"

Nikanong'ona tena.

"Wakaanza kupiga kura pamoja! Mabwana wakaogopa!"

"Wakafanyaje?" akauliza jirani yangu.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikaendelea.

"Wakawaambia weupe kwamba weusi watawapora! Weusi wakanyimwa kura. Sheria zikaja moja baada ya nyingine: behewa lako lile, langu hili. Shule mbalimbali. Mpaka maji ya kunywa! Na yule mweupe maskini akabaki maskini vilevile, ila na behewa lake!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Mama, hapa siyo Marekani."

"Najua. Nakuuliza tu: tukishatengana, utanunua gunia langu bila kichwa?"

Mwenyekiti akasema kura itaamua.

Yule mama wa Kihindi akasimama. "Mimi nahamia ukutani, mwenyekiti, sina shida. Ila huyu ni mtani wangu, chake ni changu." Akajitwika tenga la karoti za mama mdogo, akaenda nalo ukutani. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki, ndivyo ilivyo.

"Mwizi mkubwa wewe!" mama mdogo akamrushia, kisha akabeba bilinganya zake, akazimwaga barabarani. Wenzetu ambao koo zao zina utani na ukoo wetu hawakusubiri kuambiwa. Huyu kachukua kabichi, yule kachukua bamia, kelele na matusi ya utani juu. Muda mfupi tu pande zote mbili zilikuwa na kila kitu.

Mwenyekiti akazunguka akiuliza, "Hizi za nani? Hizi za nani?"

"Za mtani wangu!" kila mtu akajibu.

Kura ilipopigwa, jirani yangu aliinua mkono wa kukataa huku ameshika bilinganya. Sheria ikaanguka.

Siku ya soko iliyofuata dalali mmoja aliulizia lumbesa kwa sauti ya chini, kwanza ukutani, halafu barabarani. Kote akajibiwa hapana. Akainama, akabeba gunia lililoshonwa sawa.