Baiskeli Aliyoishinda Wifi Deodatha

Ukiuliza hapa Bugomora nani anajua kucheza puli, utatajiwa vijana wanaoshinda senta, suruali zimeshuka, fimbo mkononi kutwa nzima na mfukoni hamna kitu. Hakuna atakayemtaja wifi yangu Deodatha. Wao wanamjua mjane wa kaka yangu Gaspari, mwenye kibanja kisafi, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Basi na wabaki hivyo hivyo. Mimi nilikuwepo.

Gaspari alipofariki alimwachia mke wake mtoto mmoja, Noela, aliyekuwa bado ananyonya, na kibanja ambacho migomba yake ilikuwa imeshikwa na mnyauko. Ndizi ya kula hakuna, ya kuuza ndiyo usiseme. Deodatha akapata kibarua Nkwenda cha kufagia kibanda cha puli asubuhi, kabla wateja hawajaja. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa pombe, kuamka kwake mpaka jua limekuwa kali, na ufunguo wa kutolea mipira aliuacha kwenye msumari. Kwa hiyo kati ya ufagio na huyo mlevi, meza ilikuwa ya Deodatha peke yake. Hakufundishwa na mtu. Nilimuuliza siku moja anafanyaje mpira wa rangi kuingia shimoni wakati amepiga ule mweupe, akanijibu ni kama kupeleka mbuzi. Unamgusa ubavu huu, anakwenda upande ule. Mimi mbuzi wangu wanakwenda wanakotaka wao, ndiyo maana sikujifunza.

Ule ufagio haukutosha hata sabuni. Ndipo tukaanza kukaanga chapati na kuzipeleka siku za gulio, Nkwenda, Isingiro, mara nyingine hadi Murongo kule mpakani. Mimi nabeba beseni, yeye anabeba mtoto mgongoni. Tunaingia kwenye kibanda cha puli kuuza chapati, maana wachezaji huwa na njaa na hawana mke karibu. Anasimama pembeni anaangalia, mdomo wazi kama mtu aliyeshuka kutoka mlimani jana. Halafu anauliza, kwa ile sauti yake ya upole, "Samahani kaka, hicho kijiti kinashikwaje?"

Wanaume bwana. Mpe mwanaume nafasi ya kumfundisha mwanamke kitu, hata kama nyumba inaungua ataisahau. Wanamshikisha fimbo, yeye anaishika kama mchi wa kutwangia. Anapiga, mpira mweupe unaruka chini, wanacheka mpaka wanakohoa. Anacheza mchezo wa kwanza anashindwa, anatoa chapati. Wa pili anashindwa, anatoa chapati nyingine. Anaanza kulalamika kwamba beseni lote litaisha, kwamba sasa aweke pesa kidogo labda bahati itageuka. Hapo mimi namchukua Noela mgongoni kwake, kwa sababu ndipo kazi inapoanza.

Tumerudi nyumbani na kuku, na mwavuli, na gunia la maharage ambalo dereva wa lori la kahawa alililia machozi ya kweli. Sitasema tulitajirika. Tulinunua miche mipya ya migomba, tukakata ile iliyooza, Noela akapata maziwa. Na usiniambie ilikuwa dhambi. Kama ilikuwa dhambi, wale waliokuwa wanamcheka mjane walikuwa nayo nusu.

Sasa, siku moja hapo Nkwenda akaingia mtu mmoja nadhifu, amevaa kofia ya kitambaa, hatumjui. Aliegemeza baiskeli yake mlangoni, akasema amesafiri kutoka mbali, ametumwa na mke wake kununua mbegu za maharage, acha apumzike kidogo. Alipumzika mezani kwa Deodatha. Pesa ya mbegu ikaisha. Deodatha mwenyewe alimwambia, nilisikia kwa masikio yangu, "Kaka, inatosha, nenda nyumbani." Akakataa. Akasema hawezi kurudi mikono mitupu, akatoka, akaiingiza baiskeli ndani na kuiweka ubavuni mwa meza. Wengine walipomwonya akawaambia huyu ni muuza chapati tu, amebahatisha.

Wifi yangu alimaliza mipira yake yote yule bwana akiwa bado amesimama na fimbo, hajapata zamu hata moja. Ukaingia ule mweusi wa mwisho, mchezo ukaisha. Yule bwana akavaa kofia yake vizuri, akatoka, akaondoka kwa miguu bila kugeuka nyuma.

Baada ya hapo Deodatha aliacha. Si kwamba aliokoka siku ile. Ni kwamba habari ya baiskeli ilienea, na mchezaji wa namna ile akishajulikana hana tena wa kumla. Alikuwa akiingia kibandani, wanaume wanashika fimbo zao kama wameona nyoka.

Lakini baiskeli ilibaki. Ilikuwa na keria ambayo sijawahi kuona nyingine kama hiyo, pana, imechomelewa kwa chuma cha kichwa cha kitanda, kile chenye maua ya kujipinda. Tulibebea ndizi, tulibebea kahawa kwenda chama cha msingi, tulimbebea Noela zahanati alipougua surua. Hiyo baiskeli imelea mtoto.

Mtoto akakua. Akapata mchumba, Ambrose, mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu, kijana mwenye adabu, kwao Chonyonyo. Walipendana kimya kimya mpaka siku Noela aliponiambia mimi shangazi yake, kama inavyotakiwa. Nilimchunguza yule kijana kama ninavyochunguza kitenge sokoni, mbele na nyuma, sikuona tundu. Tukakubaliana wazazi wake waje kutoa posa. Noela hakula vizuri wiki nzima. Deodatha alipaka nyumba upya.

Wageni wakafika asubuhi na gari la kukodi. Sisi wawili tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, tukachungulia mlangoni. Akashuka mama mmoja mnene mchangamfu, wakashuka wazee na Ambrose, mwisho akashuka baba wa kijana, kofia ya kitambaa kichwani.

Deodatha alidondosha kisu.

"Wifi," akasema, "yule ndiye mwenye baiskeli."

Nikamwambia ameona vibaya, miaka mingi imepita, kofia ziko nyingi. Hakunisikiliza. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko, nje, mahali ambapo mtu yeyote akienda chooni ataiona. Aliivuta kupitia nyuma, akakimbia nayo kwenye migomba, akailaza na kuifunika kwa majani makavu. Nikawa nimeachwa peke yangu na shikamoo za watu wote wale.

Kaka yetu mkubwa Kashaija ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Wazee wakakaa, wakaanza kuzunguka maneno kama ilivyo desturi, wametumwa na jogoo wao aliyeona mtetea hapa. Ikafika wakati wa mama mwenye nyumba kuleta kahawa za kutafuna. Hapo huwezi kumtuma mwingine. Deodatha akaingia na kikapu, akapiga magoti mbele ya baba wa kijana, uso chini. Yule mzee, jina lake Cleophace, mzee wa kanisa huko kwao, akachukua punje mbili tatu. Akamtazama. Punje zikamdondoka kwenye shati.

Nikaona jambo la ajabu: yule mwanaume alikuwa anaogopa kuliko wifi yangu. Kila Kashaija alipotaja jambo, Cleophace alikubali upesi upesi, mpaka wazee wa upande wake wakaanza kumkanyaga mguu.

Mkewe, Benadeta, hakuwa na habari. Alikuwa huku kwetu wanawake anazungumza bila kituo. Akamaliza chai, akasimama, akasema sasa aonyeshwe kibanja. Hiyo ni haki yake. Huwezi kuoza mtoto wako bila kuona migomba ya watu, maana kibanja kikiwa kichafu na nyumba ni chafu. Nikamwambia jua kali. Akasema ana mtandio. Nikamwambia jana tumeona nyoka. Akasema kwao Chonyonyo nyoka wako wakubwa zaidi. Akatangulia, mimi nyuma yake namwomba Mungu.

Alisifu migomba. Akasifu mikungu. Halafu akafanya anachofanya mkulima yeyote wa huku: akainama, akaingiza mkono kwenye matandazo kupima unene wake. Kengele ya baiskeli ikalia.

Akafukua kama anachimba viazi. Ilipotokea keria, akakaa kimya, na kwa mama yule kimya si kitu cha kawaida. Akayagusa yale maua ya chuma moja moja. Akainyanyua baiskeli, majani yananing'inia, akaisukuma mwenyewe mpaka uani mbele ya wazee wote.

"Baba Ambrose," akasema, "njoo uone kitanda chetu."

Akawaeleza wote. Hiyo keria ilichomelewa kwa chuma cha kitanda walichoanzia maisha, na baiskeli iliibwa gulioni mumewe alipokwenda kununua mbegu. Na leo ameikuta hapa, imefichwa chini ya majani. Mzee mmoja wa upande wao akachukua fimbo yake ya kutembelea, akasema ukoo wao haujawahi kuoa kwa wezi na hautaanza leo. Wengine wakaanza kunyanyuka. Ambrose alikuwa amesimama katikati kama mti uliopigwa radi. Ndani ya nyumba nikasikia Noela anaanza kulia.

Kashaija akamgeukia Deodatha, akamtaka aseme mbele ya watu ameitoa wapi. Mimi nilijua akisema ukweli hakuna wa kumwamini. Mjane mmoja aseme nini juu ya mzee wa kanisa? Na hata akiaminiwa, amemvua nguo mkwe wake mbele ya mkewe na ukoo wake. Deodatha akapiga magoti palepale vumbini. Nikafungua mdomo niseme mimi, ulimi wangu mnaujua, lakini siku hiyo nilitanguliwa.

Cleophace akavua kofia.

"Haikuibwa," akasema. "Tulicheza puli Nkwenda, mimi na huyu mama. Niliiweka mwenyewe. Akanishinda."

Yule mzee mwenye fimbo akamuuliza, taratibu, kama anamuuliza mgonjwa, "Ulishindwa na mwanamke?"

"Nilishindwa."

"Puli?"

"Hata mipira yangu sikuigusa, baba."

Kashaija ndiye aliyeanza. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka, mara bega linatikisika. Yule mzee akamtazama, akakaa chini, na yeye akafunika uso kwa kofia yake. Uani kote wakacheka, isipokuwa watu watatu. Cleophace, Deodatha, na Benadeta.

Wote tukamgeukia Benadeta, kwa sababu posa sasa ilikuwa mikononi mwake na si kwa wazee. Alikuwa bado ameshika usukani.

"Miaka yote hii," akasema, "kila Jumatano, namwombea mwizi wa baiskeli aokoke. Kumbe nalala naye."

Halafu akamuuliza Deodatha, kama aliishinda kwa haki, aliificha ya nini. Deodatha akajibu akiwa bado chini, kwamba aliogopa Noela ataachwa.

"Noela kakosa nini? Inuka, mwenzangu, unachafua kitenge." Akamshika mkono, akamnyanyua. Kisha akawageukia wazee wa upande wake mwenyewe, akauliza ng'ombe waliotajwa ni wangapi. Wakamwambia ndiyo walikuwa wanataka kuomba wapunguziwe. Akasema hapana, watolewe wote, na Baba Ambrose asipunguziwe hata mguu wa ndama.

Cleophace akasema sawa. Nimeona wanaume wengi wakitajiwa mahari, sijaona mwingine aliyetajiwa akawa na uso kama wa mtu aliyeshushwa mzigo kichwani. Alivaa kofia yake, akaomba maji, akanywa bakuli zima. Baada ya hapo ulimi wake ukafunguka, akawa anawasimulia wazee jinsi Deodatha alivyoishika ile fimbo kama mchi, na ndiyo anasimulia mpaka leo kila anakokwenda, kwa hiyo asije mtu kunilaumu kwamba nimetoa siri.

Baiskeli ilibaki kwetu. Benadeta alisema kitanda kipya anacho.

Nilirudi jikoni nikamkuta Deodatha amekaa sakafuni katikati ya maganda ya ndizi, Noela amemlalia mapajani. Nikamwambia Noela aende akanawe uso, watu wanataka kumwona. Deodatha nikamwambia ajinyooshe kwenye mkeka kidogo, nitapakua mimi. Alilala kabla sijamaliza kusema. Kwenye zile kelele zote, vyombo, wazee, watoto wa jirani, alilala kama mtu aliyepigwa rungu.

Wakala, wakanywa rubisi, jua likaanza kushuka. Wakati wa kuaga wakwe wakauliza mama yuko wapi. Nikasema amechoka kidogo, ngoja nimwamshe.

"Mwacheni," akasema Cleophace. "Mwacheni alale."