Samaki wa Asiya katika Sanduku la Saliha

Je, Adija ataripoti anachokiona kwa sababu ni kweli, au kwa sababu kitamuumiza Saliha? Saa tisa alasiri, sokoni Bwiza, mwenyewe bado hajui.

Amepiga magoti mbele ya sanduku la barafu, simu ya kazi mkononi. Ndani, samaki aina ya mikeke waliovuliwa ziwani wamefungwa mafungu kwa vitambaa, kila muuzaji na rangi yake. Cha kijani ni cha Saliha, mwenye sanduku. Lakini mafungu kadhaa yana kitambaa chekundu.

"Hii nyekundu ni ya nani?"

"Ya Asiya," Saliha anajibu bila kupepesa macho. "Jua lote hili, dada! Mi niache samaki ya mwenzangu ioze, na nafasi iko?"

Asiya, anayeuza meza ya pili kutoka hapo, anageuza uso.

Adija, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hukusanya takwimu za utafiti wenye swali moja: muuza samaki akipata barafu, kipato chake hupanda? Wachuuzi mia mbili walipigiwa kura ya bahati nasibu hadharani. Nusu walipewa masanduku. Nusu, Asiya akiwemo, wanauza kama zamani hadi mwaka uishe, ili makundi mawili yalinganishwe. Samaki wa Asiya akipoa kwa barafu ya Saliha, ulinganisho unaharibika. Ndiyo maana kila aliyepewa sanduku aliahidi kwamba hataweka humo mzigo wa mwingine. Akivunja ahadi, anaweza kunyang'anywa.

Kwa mkusanyaji mwingine, jambo hili lingekwisha kwa mistari miwili. Lakini Saliha ndiye aliyeolewa na Ilyasi, fundi magari, muda mfupi baada ya Ilyasi kumpa Adija talaka.

Siku ya kura, Adija ndiye aliyeshika kapu la vikaratasi. Jina la Saliha lilitoka mapema.

"Nilipiga makofi kama wengine," anasimulia. "Ndani nilikuwa nawaka. Nikasema, bwana amechukua, sasa na sanduku pia?"

Alisoma uchumi chuoni mwaka mmoja kabla ya kuolewa, na kazi hii, anasema, ilimrudishia heshima yake. Hajawahi kubadilisha jibu la mtu. Hata hivyo, amewahi kumuuliza Saliha swali lilelile la mauzo mara tatu, akitumaini jibu litashuka.

"Akiniambia ameuza zote, roho inaniuma. Akiniambia zimeoza, narudi nyumbani nikiimba. Mutu wa takwimu anaimba juu ya samaki ya kuoza? Apana."

Jioni, katika ofisi ndogo ya mradi huko Rohero, wakusanyaji wanaketi kumsikiliza msimamizi wao, Sylvère. Adija anaeleza habari ya vitambaa vyekundu. Sauti yake ni kavu.

"Basi sanduku lirudi?" Sylvère anauliza. "Wewe ndiye uliyeona. Unapendekeza nini?"

Neno "lirudi" limemkaa Adija ulimini, tamu kuliko alivyotarajia. Utamu huo ndio unaomtisha.

Fabiola, mwenzake wa siku nyingi, anamtania: "Sema tu, mama, bado unamutaka Ilyasi!"

Chumba kinacheka. Adija naye anacheka kidogo.

"Ilyasi abaki naye, mi sina shida. Ni ile barafu." Anaweka simu ya kazi mezani. "Samaki ya Asiya nimeandika yote, kama nilivyoikuta, na maneno ya Saliha pia nimeandika, kwamba alikataa kuacha ya mwenzake ioze. Ya sanduku muamue nyinyi, mi nikiwa nje. Huyu ni muke wa bwana aliyeniacha, na nina wivu naye. Kuanzia kesho simuulizi tena Saliha swali hata moja. Fabiola, meza yake uchukue wewe."