Ukuta Usio na Mchoro

Saa moja asubuhi Mama Pembe ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anautazama ukuta wa zahanati. Brashi bado kavu. Mhudumu anayepiga deki amemzunguka mara mbili na ameacha kumuuliza ataanza lini.

Jina hilo alipewa na wenzake katika duka la rangi, ambako kwa miaka kumi na moja amewachanganyia wateja rangi kwa jicho tu. Jioni hurudi nyumbani na makopo yaliyokataliwa, anayouziwa kwa robo ya bei, akachora pembetatu, duara na miraba juu ya mbao. Rula hatumii. Huanza na rangi moja, kisha huisubiri imwambie inataka jirani gani. Katika miaka tisa ameuza picha nne. Dada yake huziita viraka, ingawa moja ameitundika sebuleni kwake.

Ukuta huu wa mita kumi na mbili ndio kazi kubwa ya kwanza maishani mwake, na nusura umponyoke. Kamati ya zahanati ilitaka kwanza mchoro kamili kwenye karatasi. Aliuchora, tena kwa rula ya kuazima. Anakiri kwamba alipoutazama aliona aibu, akauchana kabla rangi haijakauka.

Alipiga moyo konde akaenda kwa muuguzi mkuu mikono mitupu.

"Dada, nikishajua mwisho wake, nitakuwa nanakili tu," alimwambia. "Nipe kona moja. Isipokupendeza, naipaka nyeupe mwenyewe."

Muuguzi, mtu wa maneno machache, alimpa mita moja na siku tatu.

Leo ni siku ya tatu. Kwenye kona kuna mraba wa bluu iliyopauka, na pembetatu ya manjano imeuegemea. Mama Pembe haridhiki. Hatimaye anachovya brashi, anaongeza mstari mwembamba wa kahawia, anarudi nyuma hatua mbili. Mabega yanamshuka kwa nafuu.

Saa nne muuguzi anakuja. Anauliza pembeni mwa ile manjano kutakuja nini.

"Sijui bado."

"Utajua lini?"

"Nikifika."

Muuguzi anatazama tena, kisha anawaagiza wahudumu wayaondoe mabenchi yote ukutani, mpaka mlangoni. Ukuta mzima ni wake. Machozi yanamlenga Mama Pembe, wala hayafichi.

Anatarajia kumaliza baada ya wiki tano. Baada ya hapo, anasema, hataki kazi nyingine upesi.

"Kwanza nitakuja siku naumwa kweli, nikae hapa. Nikisahau kidogo kinachoniuma, nitajua ukuta umekwisha."