Megabiti Nne za Ua Wetu

Siku hiyo malori ya mafuta yalikuwa hayaishi kupita Changamwe. Dada yangu alirekodi somo lake la fizikia, lori likapiga honi. Akarudia, ndege ya uwanja wa Port Reitz ikapita juu ya bati. Alipopata video tulivu, saa ilikuwa tisa na robo.

Saa kumi alasiri ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma. Chuo kimoja kilitafuta mwalimu wa kufundisha kupitia mtandao, na mkataba wa dada shuleni ulikuwa umekwisha tangu muhula uliopita. Sijaona mtu aliyeutamani ubao wa darasani kama yeye. Alikuwa akitueleza mvuke wa sufuria, kivuli cha kamba ya nguo, chochote kilichokuwa mbele ya macho.

Alipima kasi ya mtandao. Ua mzima tulitumia kifaa kimoja, kilichotundikwa barazani kwa mwenye nyumba, kama tulivyotumia bomba moja la maji.

Jirani yetu, dereva wa lori la mafuta aliyetoka bara, alichungulia kompyuta ya dada akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Kutuma ni nne kwa sekunde," alisema. "Na video yako ni elfu moja na mia mbili. Hiyo ni dakika tano, mwalimu. Kunywa chai kwanza."

"Hiyo nne ni megabiti, kaka. Video ni megabaiti. Baiti moja ina biti nane ndani yake."

"Sasa hiyo inamaanisha nini?"

Dada alimgeukia mwenye nyumba, mama wa Kimvita aliyekuwa barazani akizungumza kwa video na bintiye aliye Maskati. Alimwamkia, kisha akamwuliza, "Mama, mtu akikupimia mchele kwa kibaba, nawe gunia lako wahesabu kwa pishi, utajaza kwa haraka uliyodhani?"

"Wapi! Atakayeniambia hivyo ni mwizi wa vipimo," alijibu mama. "Vibaba vinane ni pishi mbili tu."

"Basi mtandao huu wapima kwa kibaba. Nne yake, ukiigawa kwa nane, ni nusu megabaiti kwa sekunde. Video yangu itachukua dakika arubaini, mtandao ukiwa wangu peke yangu."

Nilitazama saa. Kila sekunde ambayo mtu mwingine angetumia mtandao huo ilikuwa inamtoa dada kwenye kazi ile. Nilitarajia atapaza sauti, au ataanza kulia. Alibonyeza kitufe cha kutuma, akajifunga leso kiunoni, akapita mlango hadi mlango. Hakuomba msamaha wala hakusimulia shida zake. Alieleza kibaba na pishi, akasema saa ngapi atamaliza. Alieleza vizuri hivi kwamba hata mimi, niliyekuwa nimeshaelewa, nilimfuata ili nisikie tena.

Mama alimwambia bintiye, "Nakata, mwanangu. Hapa kuna mtu yuwapita, tumpishe njia." Dereva alizima filamu yake mahali ambapo, kwa maneno yake, muuaji alikuwa karibu kujulikana. Mlango kwa mlango, simu zilizimwa. Ua ulinyamaza, watu wakaketi barazani bila cha kutazama isipokuwa ule mstari wa bluu uliokuwa ukijivuta kwenye kompyuta ya dada.

"Umesimama," dereva alinong'ona.

"Haujasimama. Ni vibaba."

"Mwalimu, mtu akikuchagua kuwa mke atateseka."

"Atajifunza," mama alisema, na dada akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Mstari ulifika mwisho saa kumi kasoro dakika tatu. Dereva akaishika simu yake. "Niwashe?"

"Subiri wathibitishe." Wote tukasubiri tena, mpaka ujumbe ukaingia kwamba video imepokewa. Ndipo mama akampigia bintiye, na kabla ya salamu akaanza kumweleza biti nane ndani ya baiti moja, huku akipima hewani kwa kiganja.

Dada alimtazama, akasahau kufunga kompyuta. Majibu ya chuo yalichukua wiki kadhaa kufika, na yalikuwa ya heri. Lakini mimi naamini usaili wake ulikuwa palepale barazani, na aliufaulu kabla ya saa kumi.